Kocha wa Mwisho wa Kombe la Maonyesho

Siku Bwana Herieli alipoleta barua, Mektilda alikuwa uani kwake Maisaka, Babati, anachekecha unga wa njano, ule wa msaada, akitoa wadudu mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kifuniko cha sufuria. Kuku wawili walikaa karibu wakisubiri kwa adabu, kama watu wa foleni.

"Shikamoo, Mama Xaveria."

"Marahaba, baba. Karibu. Kiti hicho kimevunjika mguu, kalia hiki kingine."

Herieli alikuwa katibu wa michezo wa wilaya, mtu mrefu mwenye baiskeli isiyo na breki, ambaye kila alipofika kwa watu aliburuza kiatu chini ili asimame. Hakukaa. Alimtaka Kocha mwenyewe. Severine akatoka ndani akifunga vifungo vya shati, akaipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma. Akaisoma tena. Halafu akacheka, na Mektilda akashtuka, maana kicheko kile alikuwa hajakisikia tangu josho la Bonga lifungwe kwa kukosa dawa na mume wake aambiwe akae nyumbani mpaka atakapoitwa.

"Sikia hii, mama," Severine akasema. "Kombe la Maonyesho linafungwa. Halichezwi tena. Ila kabla ya kufungwa, kocha aliyelichukua mwanzo atakutana na kocha aliyelichukua mwisho, Sabasaba hii, hapa hapa kwetu. Atakayeshinda ni lake maisha."

"Kama walivyofanya Ulaya," akasema Herieli.

"Kama Ulaya kabisa. Barcelona na Leeds. Na unajua wa mwanzo ni nani, mama?"

Mektilda alijua. Alikuwa kaka yake wa kuzaliwa naye, Melkiadi wa Mbulu. Na wa mwisho alikuwa huyu anayecheka mbele yake.

"Sanduku liko salama, Kocha?" akauliza Herieli.

"Liko chini ya kitanda changu. Hata panya wakipita wanaliamkia."

Wakacheka wote wawili. Mektilda akainamia unga wake. Mle sandukuni hamkuwa na kombe. Mlikuwa na jiwe, na aliyeliweka ni yeye, na mume wake hakujua, na sasa ulikuwa umepita mwaka mmoja na mwezi mmoja.

Kombe lenyewe lililetwa mwaka wa sabini na mbili na Padre Leo, mzungu mmoja mnene aliyependa mpira kuliko kula, na kula alikupenda. Ni yeye aliyesimulia kwamba kwao Ulaya kulikuwa na kombe la miji yenye maonyesho ya biashara, na kwamba lilikuwa limekoma mwaka uliotangulia. Siku ya kulizika wakamkutanisha wa kwanza na wa mwisho, Barcelona wakabaki nalo. Padre akasema, lililokufa kule linaweza kuzaliwa huku. Kwani sisi hatuna maonyesho? Kila Sabasaba watu hawaleti maboga na madume ya ng'ombe? Basi Babati, Mbulu, Kondoa, Kibaya na Magugu zikaanza kutumiana timu, na Padre akanunua kombe Nairobi, jeupe linalong'aa, lenye masikio mawili makubwa.

Akatundika na ubao wa mninga kwenye ukumbi wa mji. Juu ya ubao ule hayakuandikwa majina ya timu, kwa sababu timu zilibadilisha majina kila msimu, leo Kilimo, kesho Umoja, keshokutwa hazipo. Liliandikwa jina la kocha. Padre alisema timu ni kama mto, maji yanapita, ila kocha ndiye kingo. Jina la kwanza likawa la Melkiadi. La mwisho, mwaka wa sabini na nane, likawa la Severine.

Kulikuwa na sheria moja. Mwaka mmoja kocha fulani alilinywea pombe ya mtama, kombe likaanguka, sikio moja likapinda. Padre akakasirika, akachongesha sanduku la mninga lenye kufuli. Tangu hapo kombe likiwa linahama kutoka kwa kocha mmoja kwenda kwa mwingine, sanduku linafunguliwa mbele ya watu wote, anayepokea analikagua masikio yote mawili, anasema kwa sauti, "Nimepokea." Likibaki pale pale lilipokuwa, halifunguliwi. Linainuliwa juu na kufuli lake, watu wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani. Shani wa Kondoa alilichukua miaka miwili mfululizo, na mwaka wa pili hakuna jicho lililoliona. Kulifungua bila sababu ilihesabiwa ni mkosi, na Severine aliishika sheria hiyo kama Kwaresima.

Halafu ikaja vita ya Amin ikachukua malori. Vita ilipokwisha petroli haikurudi, wala matairi, wala mipira. Padre Leo alishakwenda kwao. Kombe likabaki chini ya kitanda Maisaka. Kila Jumapili baada ya misa Severine alilitoa sanduku, akalipangusa kwa kitambaa, akawa anayataja majina ambayo Padre alimfundisha, ya makocha waliolichukua lile kombe la Ulaya.

"Joe Harvey wa Newcastle."

"Utuombee," Mektilda alikuwa akimjibu kutoka jikoni.

"Bertie Mee wa Arsenal."

"Utuombee."

"Don Revie wa Leeds, mara mbili."

"Huyo atuombee mara mbili."

"Unacheka, mama. Hawa watu majina yao hayafutiki. Kombe limekufa, wenyewe wako pale pale kwenye orodha. Na mimi niko kwenye orodha. Mpiga dawa ng'ombe, darasa la nne, nimo."

Ndivyo walivyokuwa mpaka mwezi wa nne wa mwaka wa themanini na tatu, ulipokuja msako wa wahujumu uchumi.

Aliyekuwepo miaka ile anajua. Kitu chochote dukani hakipo, na kitu chochote ndani ya nyumba ni kesi. Ilisemekana mtu mmoja barabara ya Kondoa alichukuliwa kwa sababu ya taa sita. Ilisemekana mwingine aliulizwa risiti ya blanketi alilojifunika. Watu wakaanza kutupa mali zao wenyewe: asubuhi unakuta vitenge kwenye mtaro, betri za redio chooni. Severine alikuwa Kiteto kwa kazi ya majosho, mwezi mzima. Mektilda alikuwa peke yake na vipande vitatu vya sabuni alivyovipangia foleni siku mbili, na shuka mbili mpya za binti yao Xaveria za kuolewa nazo, na kombe.

Jirani yake Rosalia akaja asubuhi moja bila hata kuvaa ndara. "Mama Xaveria, wako kwa fundi cherehani, wanakuja huku. Vitu vya Kenya ndivyo wanavyovitaka hasa. Mpaka umefungwa, kila kilichotoka Nairobi ni magendo. Kama una kitu cha Nairobi kitoe."

Mektilda hakuwa na elimu kubwa, lakini kusoma alijua. Chini ya kombe, kwenye kitako chake, palikuwa na maandishi madogo ya duka na neno Nairobi. Risiti alikwenda nayo Padre. Akaiona picha yote: mume wake anashuka kwenye lori kutoka Kiteto, wanamkamata palepale, mtu na kombe la Nairobi chini ya kitanda.

Alichukua ufunguo kwenye koti la Severine la kanisani. Akalifunga kombe kwenye gunia pamoja na mawe, akashika njia ya ziwani kukiwa bado ukungu. Pale kwenye matete, mahali viboko wanapopandia, alilizungusha gunia kwa nguvu zake zote akaliachia. Lilizama bila kelele nyingi. Aliporudi akachukua mwana wa jiwe lake la kusagia, ule mdogo wa kushika mkononi, akauviringisha kwenye kile kitambaa chekundu cha kombe, akaufungia sandukuni ili uzito uwepo. Sabuni hakuitupa. Sabuni alishindwa. Aliichimbia chini ya banda la kuku.

Mchana wakaja. Aliyeingia ndani alikuwa mgambo mmoja kijana, Silau, na huyu Silau alikuwa winga wa kushoto wa timu ile ya sabini na nane. Alitazama juu juu, akainua godoro, akaliona sanduku. Akavua kofia.

"Mama, kombe letu si ndilo hili? Nilitaka nishike sikio lake tu, nitoke."

"Halifunguliwi bila sababu, Silau. Unajua."

"Kweli, mama." Akalipigia saluti sanduku, akatoka akawaambia wenzake humu hamna kitu.

Mektilda alikaa kitandani mpaka jioni. Hakuna aliyelitafuta kombe. Mji mzima ulijua ni kombe la nini na limetoka wapi. Yeye peke yake ndiye aliyeliona kuwa ni magendo.

Angemwambia Severine siku ile aliporudi. Alikusudia. Lakini alirudi amekonda, na barua ya kukaa nyumbani mfukoni, akaoga, akaliburuza sanduku akalikalisha mapajani kama mtoto. Akasema, "Hili tu ndilo hawajanifungia." Sasa mtu unasemaje hapo? Akanyamaza siku hiyo, na siku iliyofuata kusema kukawa kugumu zaidi. Mume alipouliza habari za mwana wa jiwe alimwambia umepasuka, akawa anakwenda kusaga kwa Rosalia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa akiisikia methali hiyo kila akiinama kufagia chini ya kitanda.

Baada ya barua ya Herieli, Severine akawa mtu mwingine. Aliamka kabla ya jogoo. Aliwakusanya vijana wa Bonga na Mutuka na mjini, akawakimbiza peku kwenye shamba lililovunwa. Silau alikuja na mpira wa kushonwa mara nne. Hawakuwa na nguvu, njaa ilikuwa imewakausha mapaja, lakini walimpenda. Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, anazungumza.

"Kaka yako ameniandikia. Anasema nilisafishe vizuri, hataki kulipokea lina harufu ya Wababati."

"Baba Xaveria."

"Nimemjibu aje na kapu la kubebea mabao."

"Baba Xaveria, nina neno."

"Sema."

"Uji wa wachezaji, niweke ndimu?"

Hivyo ndivyo alivyofanya, mara tatu au nne. Neno likifika mdomoni linageuka kuwa ndimu. Siku moja alikwenda ziwani peke yake. Maji yalikuwa yamepanda, yale matete aliyosimama kando yake yalikuwa yamezama, na kiboko na mtoto wake walikuwa pale wanamtazama. Akarudi. Basi akabaki na tumaini moja, ambalo Sheria ya Padre ilimwachia: Severine akishinda, sanduku halifunguliwi. Litainuliwa juu, litarudi chini ya kitanda, na hapo litakaa mpaka wazee wote wawili wafe. Akawasha mshumaa kanisani kwa ajili ya mpira wa miguu. Aliona haya, lakini aliuwasha.

Sabasaba ikafika na upepo na baridi. Watu wa Mbulu walikuja juu ya lori la viazi, na walionekana kuwa wamekula viazi. Melkiadi akateremka, mzee mfupi mwenye koti la mvua, akamkumbatia dada yake.

"Umekonda, Mektilda. Huyu mwizi wa makombe hakulishi?"

"Nakula, kaka."

"Leo namnyang'anya, nikuache wewe tu ubaki naye. Adhabu ya kutosha."

Severine alicheka mpaka akakohoa. Sanduku liliwekwa juu ya meza ya wageni, chini ya bendera, karibu na boga lililoshinda. Mektilda aliketi na wanawake, macho yake yakawa sandukuni, hayaendi uwanjani. Kwa hiyo bao la kwanza hakuliona. Alisikia kelele, akamwona Rosalia anaruka, akajua ni la kwao. Silau alikuwa amepiga krosi, kijana mmoja wa Mutuka akaiweka kwa kichwa. Mpaka mapumziko ilikuwa moja kwa bila, na Mektilda kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akapumua mpaka chini.

Akabeba ndoo ya uji akawapelekea wachezaji. Severine alikuwa amechuchumaa katikati yao.

"Mama Xaveria, uji wako umefunga bao," akasema. Akamvuta pembeni, macho yanamng'aa. "Unawaona wale watoto watatu waliokaa pale na jezi za kuazima? Hawajawahi kucheza mbele ya watu. Nawaingiza sasa hivi. Leo ndiyo mwisho, hakuna Maonyesho mengine, kila mmoja aonje. Akili za zamani za kushinda tu nimeziacha."

"Lakini watu wa Mbulu wana nguvu. Mtafungwa."

"Tukifungwa si ni Melkiadi? Kombe litakuwa limekwenda kwa wajomba wa Xaveria. Jina langu liko kwenye ubao, halitoki. Nimetosheka mimi."

Mektilda alimwona jinsi alivyokuwa mwepesi. Miaka yote ile alimtaka awe hivyo, mtu asiyeumia kwa mpira, na amekuwa leo.

"Usifungwe," akasema.

"Ehe, leo kocha ni wewe?"

"Baba Xaveria, usifungwe. Kombe halimo."

Severine alikuwa bado anatabasamu. Uso haukuwa umepata habari.

"Halimo wapi?"

"Sandukuni. Nililitupa ziwani, wakati wa msako. Lilikuwa limeandikwa Nairobi. Niliogopa watakuchukua."

"Mle kuna nini? Mbona ni zito?"

"Mwana wa jiwe."

"Ule uliopasuka."

"Haukupasuka."

Refa akapuliza filimbi ya kuwaita. Severine aligeuka akalitazama sanduku juu ya meza, kisha vijana wake, kisha wale watoto watatu waliokwisha simama wanajinyoosha. Hakumtazama mke wake. Aliwaambia watoto, "Kaeni."

Kila mtu aliyemjua Severine alijua kwamba timu yake hairudi nyuma. Alikuwa akisema anayejificha golini kwake anamsubiri mgeni kwa chai. Lakini kipindi kile cha pili aliwarudisha wote, hata Silau. Alitembea kando ya mstari akipiga kelele kwa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia, sauti nyembamba. "Nyuma! Rudi nyuma!" Wachezaji wakawa wanatazamana. Wakiupata mpira wanaubutua tu, na Mbulu wanaurudisha, wanaubutua tena, na kila ukirudi miguu ya vijana inakuwa mizito zaidi. Wale wenye viazi tumboni hawakuchoka.

Silau akasogea mstarini anahema. "Kocha, tunakufa huku. Tuachie tupande."

"Nyuma nimesema."

"Lakini Kocha, wewe mwenyewe ulitufundisha..."

"Silau. Nyuma."

Bao la kusawazisha liliingia kama maji kwenye paa bovu, taratibu, kupitia miguu ya watu sita waliosongamana. La pili lilikuja dakika tano kabla ya mwisho. Mektilda alikuwa amefunika uso kwa khanga. Alijua kuwa kama angeyameza maneno yake saa moja nyingine, mume wake angecheza mchezo wake, na pengine angeshinda. Na kama angeyasema mwaka uliopita, ingekuwa kesi ya nyumbani ya siku mbili. Aliyasema mahali pekee ambapo hayakufaa.

Herieli akawaita mezani. Watu wakasogea wakafanya duara. Melkiadi akamshika Severine bega. "Pole, shemeji. Umecheza kama bibi harusi, umejificha chumbani. Nini kilikupata?"

"Uzee."

"Ufunguo, Kocha," akasema Herieli.

Mektilda akatoka kwa wanawake, akapenya mpaka mbele. "Bwana Herieli, subiri, mimi nina..."

"Mama Xaveria," Severine akasema bila ukali, "rudi kwa wenzako."

Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa ndani, akalifungua mwenyewe. Akafunua kitambaa chekundu. Jiwe lilikaa pale limelika katikati, lina weupe wa unga kwenye vinyweleo vyake. Upepo ulikuwa unapiga bendera.

Melkiadi ndiye aliyecheka. "Huu utani sasa, shemeji. Mzuri. Haya, lilete."

"Nimeliuza."

"Umefanya nini?"

"Nimeliuza. Mwaka jana. Njaa ilikuwa kali nyumbani. Nilimuuzia mtu wa njiani, simjui jina."

Mektilda alifungua mdomo, na mume wake akamtazama mara moja tu, akamtazama kama anavyomtazama beki anayetaka kubishana na refa, naye akaufunga. Baadaye alijiuliza maisha yake yote kwa nini aliufunga.

"Ungeniambia," Melkiadi akasema pole pole. "Mimi ni mtu wa mbali? Ningekuletea gunia la mahindi, shemeji. Magunia mawili." Akavua kofia akaivaa tena. Hakujua mikono aiweke wapi.

Silau alikuwa amesimama na soksi zimemshuka. "Kwa hiyo hata ile siku nilipolipigia saluti," akasema, "lilikuwa jiwe." Silau akavua jezi, akaiweka juu ya jiwe, akaondoka kifua wazi na baridi ile.

Hawakumpeleka polisi. Herieli alisema wanamheshimu kwa umri wake. Lakini jina lake wakaliondoa. Rangi ilikuwa haipatikani mji mzima, basi akaitwa seremala akalikwangua kwa randa. Pale penye sabini na nane pakabaki bonde jeupe kwenye mninga. Ukiingia ukumbini jicho linakwenda pale kwanza, kabla ya majina yaliyopo. Watoto wakampa jina, Mzee Jiwe. Wale watatu wa jezi za kuazima ndio walioanza.

Jioni ile ya Sabasaba Mektilda alimuuliza kwa nini.

"Ungesema ni wewe, wangekuuliza uliogopa nini," akasema Severine akifungua kamba za viatu. "Na wewe ukianza kusema huwezi kuacha, ungefika mpaka kwenye sabuni." Kumbe ya sabuni alikuwa anaijua. "Halafu, timu ikifungwa hawamfukuzi beki. Wanamfukuza kocha. Ndiyo kazi yenyewe."

Hayo ndiyo maneno marefu ya mwisho aliyomwambia juu ya jambo lile. Alimfunika mbele ya watu, lakini nyumbani hakumsamehe. Hakumpiga, hakumtukana, chakula alikula. Ila jina la Mama Xaveria lilikatika kinywani mwake, akawa anasema "wewe". Wewe, maji. Wewe, mlango. Jumapili baada ya misa alikaa uani mikono mitupu.

Wiki ya tatu Mektilda akajifunga khanga mbili, akaenda ofisini kwa Herieli. Akamweleza yote, kuanzia ndara za Rosalia hadi matete. Hakuficha hata sabuni. Herieli alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akiizungusha kalamu isiyo na wino.

"Mama Xaveria," akasema, "mke mwema ni taji la mumewe, Maandiko yanasema."

"Sijaja kusifiwa, baba. Nimekuja useme kweli, jina lirudi."

"Mtu mwenyewe amekiri mbele ya wilaya nzima. Mimi nitasimama niseme alikiri uongo? Nitaonyesha nini?"

"Ziwani. Nitawaonyesha mahali."

"Nani ataingia kwenye viboko, mama? Na maji yalivyo." Akainuka akamfungulia mlango. "Mke wangu na yeye angekuja, kama ningekuwa mimi. Angesema hivyo hivyo. Nenda ukampe pole mzee."

Alirudi kwa njia ya nyuma ili asipite ukumbini. Severine alikuwa kizingitini anatia mpini kwenye jembe.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Herieli."

Jembe likatulia. "Ukamwambia?"

"Nilimwambia yote."

"Akasemaje?"

"Anasema nakutetea. Hakuniamini."

Severine akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha na yeye mwenyewe ameshaliona anga. "Hata mimi nisingekuamini," akasema. Akagonga mpini mara mbili. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nasikia duka la kaya wamepokea unga."

"Wa njano?"

"Upo mwingine? Nenda, wewe, kabla foleni haijafika barabarani."

Mektilda akachukua kapu na kadi ya mgao. Foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Wanawake aliowajua miaka thelathini waligeuka wakamwona, wakaitikia salamu yake, kisha wakaendelea kutazama mbele. Akasimama nyuma ya mtu wa mwisho.